Paipu Zote Nyeupe

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Wiki ya kumi na moja kambini. Leo viyoyozi vyote vya ghorofa ya pili vimewaka kwa mpigo mmoja na hakuna fyuzi iliyokatika. Nimesimama kwenye korido nikajipongeza kimoyomoyo. Halafu nikajipongeza kwa sauti, maana hakukuwa na mtu karibu.

Jengo lenyewe limenizidi umri. Ghorofa tatu, ofisi mia na kumi, ukumbi, messi ya kulia chakula. Na wanajeshi hawakuhama hata siku moja – tunapasua ukuta, wao wanapiga chapa upande wa pili. Kampuni imenikabidhi mimi, Asteria, binti wa mama ntilie wa Geita, baada ya mhandisi mkuu kupelekwa Dodoma. Mara yangu ya kwanza kuongoza kazi. Umeme umekwisha, viyoyozi vimekwisha, yamebaki maji. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 23, Brigedia anakuja kuyafungua, na mimi natia sahihi cheti cha makabidhiano.

Paipu ziko kwenye handaki chini ya jengo, unaingia umeinama. Ziko sitini na nne, za chuma cha zamani, saizi moja, kutu moja, zimelala ukutani bega kwa bega. Nyingine ni za maji ya kunywa. Nyingine zinatoka tangi la mvua, za vyooni na zimamoto – na kwenye tangi lile wanaishi vyura, nimewaona. Kwa hiyo kila paipu nimeifunga kibao cha plastiki kwa mkono wangu: namba, inakokwenda, na utepe wa rangi. Buluu, kunywa. Nyekundu, usithubutu.

Mzee Ndaki kaniuliza tena habari za mchoro. Ndiye fundi wangu mkuu wa mabomba. Kabla ya kushika spana alichimba dhahabu Rwamgasa miaka kumi na mitano, ndiyo maana handaki analiita duara, kama shimo la dhahabu. Anasema duara lisilo na ramani ni kaburi lenye ngazi. Nikamwambia, mzee wangu, nina vibao. Mchoro nitauchora kesho.

Jumanne, 13 Agosti

Sajenti Maduhu amenisalimia shikamoo kwa utani, eti mhandisi ni mkubwa hata akiwa mdogo. Ana miaka hamsini huyo! Nikaitikia marahaba bila aibu.

Maduhu ndiye mkuu wa usafi wa kambi. Mawe ya njiani, meupe. Vigogo vya miti, vyeupe mpaka kiunoni. Kitu kikikaa siku mbili bila kutembea, Maduhu anakipaka. Wiki ya tatu nilisahau ngazi yangu nje ya stoo, nikaikuta nyeupe kama bibi harusi. Nilicheka. Ningejua.

Leo kaniambia jambo lake. Amekaa usajenti miaka tisa. Safari hii jina lake limo kwenye orodha ya kupanda kuwa Staff Sajenti, na Brigedia anaisaini orodha hiyo hiyo Ijumaa ya ufunguzi. Mke wake ameshachagua kitenge cha siku hiyo. Alisema hayo huku anaokota kipande cha waya miguuni kwangu na kukitia mfukoni. Hawezi kuona takataka ikalala.

Mchoro – kesho. Leo joto la Shinyanga limenipiga kichwa.

Jumatano, 14 Agosti

Tumeunga paipu ya messi. Vijana wakauliza, ni ipi? Nikasoma kibao: 17, messi, ya kunywa, buluu. Ungeni.

Mzee Ndaki akaigonga kwa spana, akaweka sikio. Akasema hii sauti yake nzito, mwanangu, kama ina tope. Nikamwambia masikio yake yalibaki Rwamgasa pamoja na baruti. Wote wakacheka, na yeye akacheka. Wakaunga; maji yenyewe hayafunguliwi mpaka siku ya Brigedia.

Siku nzuri. Ugali wa messi leo ulikuja na sato, si dagaa.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimemkabidhi Kapteni Ghati ufunguo wa handaki, akauacha kwa mlinzi wa zamu. Ndiye afisa anayesimamia mradi upande wa jeshi – Mkurya wa Tarime, maneno yake ya kuhesabu, na kila neno limenyooka. Aliuliza kama kila kitu kiko salama. Nikasema kiko salama, Afande. Akauliza, mchoro umekamilika? Nikasema unakaribia.

Unakaribia! Sijachora hata mstari. Lakini paipu zote ziko kichwani, na vibao viko mahali pake, kwa hiyo si uongo mkubwa. Naenda Geita kumwona mama.

Jumapili, 18 Agosti

Geita. Nimelala mpaka saa tatu, sijalala hivyo tangu Juni. Bodaboda zinapita mlangoni kwa mama kama nzi, wanunuzi wa dhahabu wanakula wali kwa kusimama, na mama anawaita wote wanangu, mwenye gari na asiye na kiatu.

Nimemsaidia kuosha mchele. Akauliza paipu zote hizo nazikumbukaje. Nikajigonga kichwa kwa kidole: ziko humu. Hakucheka. Akasema mali bila daftari hupotea bila habari, akaendelea kuchambua mawe.

Ndiyo, mama. Nikirudi nitachora. Safari hii kweli.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimefungua handaki saa mbili asubuhi nikadhani nimeingia hospitali.

Nyeupe. Paipu zote sitini na nne, nyeupe pee, rangi ya mafuta, mikono miwili, hakuna tone sakafuni. Koki nyeupe. Hata vishikizo vya ukutani. Na hakuna kibao. Hakuna utepe. Hakuna kitu!

Maduhu alikuwa amesimama mlangoni kwa furaha ya mtu aliyemfanyia mwenzake surprise. Alisikia Brigedia atakagua mpaka chini, akachukua ufunguo kwa mlinzi, akaleta vijana ishirini Jumamosi na Jumapili. Kila mmoja na kipande chake cha fatiki, kazi ya usafi ya kijeshi. Walibandua utepe wote kwanza, kwa sababu rangi haikamati juu ya utepe. Wakasugua kutu kwa msasa. Wakapaka.

Na vibao? Akanipa sanduku. Vimo vyote, vimeoshwa kwa sabuni, vimekaushwa, vimepangwa kwa namba, moja mpaka sitini na nne. Hakuna kilichopotea, mhandisi, akasema.

Nilikaa chini. Kwenye rangi ambayo haijakauka vizuri.

Kapteni Ghati alipokuja aliangalia mara moja tu. Akamwuliza Maduhu nani alimruhusu. Hakuna aliyemruhusu. Akamwandikia shitaka pale pale kwenye daftari lake: kuharibu alama za kazi ya uhandisi bila amri, kuhatarisha ufunguzi. Litasomwa Ijumaa mbele ya Brigedia. Uso wa Maduhu ulibadilika kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake.

Halafu Kapteni akanigeukia. Akasema, lakini mchoro upo, kwa hiyo tutarudisha vibao leo. Si ndiyo?

Hapa ndipo ninapojichukia. Nikasema haujakamilika vizuri, Afande, ndani yake kuna sehemu chache sina uhakika. Sehemu chache! Akaitikia kwa kichwa akaondoka. Maduhu alikuwa bado amesimama mguu sawa.

Mchoro ungekuwepo, hii ingekuwa kazi ya asubuhi moja na hadithi ya kuchekea chai. Haupo kwa sababu yangu. Na anayeshitakiwa ni yeye.

Jumanne, 20 Agosti

Nimejaribu kukumbuka. Za kwanza kumi na mbili, sawa. Baada ya hapo paipu nyeupe zinafanana kama mayai.

Tumekwangua rangi mahali panne. Chini kuna chuma kinachong'aa, walisugua vizuri mno. Watu wengine wakifanya kazi mbovu wanakusaidia.

Mzee Ndaki ameshinda anagonga na kusikiliza. Ameotea kumi na tano. Hajasema hata mara moja kwamba alinionya. Ningependa aseme, angalau tungekuwa sawa. Jioni nimemwambia yote – kwamba sikuchora hata mstari. Akasema anajua. Akasema duarani mtu anayesahau kuweka gogo la kuzuia ukuta humjui mpaka udongo ushuke, halafu unamjua sana. Kisha akanimegea muhogo wake. Nikala. Nilikuwa na njaa ya kutisha.

Ndipo wazo likaja, nikiwa natafuna. Tukitia rangi kwenye tangi la mvua! Halafu tufungue koki moja baada ya nyingine na kuangalia maji yanatokea wapi na yana rangi gani. Yenye rangi ni ya vyura. Yasiyo na rangi ni ya kunywa. Haihitaji kumbukumbu ya mtu.

Jumatano, 21 Agosti

Asubuhi dukani kwa Jignesh, mjini. Duka lake la vifaa vya ujenzi limegusana na la viungo la mke wake, Krupa, ukuta una mlango katikati. Jignesh akasema rangi ya kupimia mabomba inaagizwa Dar, wiki mbili. Krupa akasikia kutoka upande wake. Akauliza, rangi yenyewe ikimwingia mtu inamdhuru? Nikasema lazima iwe ya kuliwa. Akaingia stoo akatoka na katoni mbili za rangi ya biriani, ile ya manjano.

Akataka kujua nampikia nani. Nikasema watu mia sita na vyura. Akasema basi nisisahau vitunguu.

Kapteni Ghati amekubali jaribio. Atatoa askari themanini na tisa, mmoja kila bomba la kutolea maji, maana paipu nyingine hulisha zaidi ya moja, wenye redio za mkono kila korido. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake na maneno yalikuwa mdomoni: Afande, kosa ni langu kuliko la Maduhu. Simu yake ikalia. Nikapata kisingizio. Nikatoka.

Mwoga wa kupindukia. Nimeandika ili nisijifanye nimesahau.

Alhamisi, 22 Agosti

Siku ya ajabu. Naandika yote kabla haijapoa.

Saa moja asubuhi tumemwaga katoni zote mbili tangini. Chura mmoja akatoka wa njano, akatutazama, akarudi. Mzee Ndaki alicheka mpaka akakaa.

Mimi, Ndaki na Maduhu tukaingia handakini. Maduhu si kwamba aliitwa – alikuja mwenyewe na sanduku la vibao, akasema atakuwa ananipa kimoja kimoja. Nikatandika karatasi kubwa juu ya ubao, penseli sikioni. Safari hii nachora. Ndaki anafungua koki, askari huko juu anapaza sauti redioni, mimi nachora mstari, Maduhu ananipa kibao, nakifunga.

Ilikwenda kama ngoma iliyozoewa. Ghorofa ya kwanza, jiko dogo – maji meupe! Choo cha wageni – ya njano! Askari mmoja wa ghorofa ya tatu kila mara aliripoti kwa ukamilifu: maji meupe, safi, hayana harufu, tayari kunywewa, Afande. Kapteni akamwambia aseme meupe tu. Akajibu ndiyo, Afande, meupe tu, hayana harufu.

Saa nne tulikuwa na ishirini. Saa sita, arobaini na moja. Nilikuwa na furaha, nakiri. Mistari inajipanga kwenye karatasi, kila paipu inapata jina lake tena. Nikajisemea kumbe kuchora ni kazi tamu, nilikuwa nakimbia nini?

Saa nane kasoro, Ndaki akafungua koki ya paipu iliyo karibu na kona. Halafu sauti ya mpishi wa messi redioni, kwa mshangao: messi, ya njano.

Nikasema rudia. Akarudia. Ya njano kama pilau, mhandisi. Bomba la kujazia sufuria.

Maduhu alikuwa ameshatafuta kibao cha messi. Kipo kimoja tu. Akakisoma kwanza kwa midomo, bila sauti, kisha akanipa. 17. Messi. Ya kunywa. Kimeoshwa vizuri, herufi zinasomeka kuliko nilivyoziandika. Mwandiko wangu. Ile saba yangu yenye mkia.

Hakuna wa kumsingizia. Messi tuliunga Jumatano ile, siku tatu kabla ya rangi, vibao vyangu vikiwa mahali pake. Nilifunga kibao kwenye paipu ya jirani, vijana wakafuata kibao. Mzee Ndaki alisikia tope, mimi nikafanya mzaha. Kama Maduhu asingepaka, nisingejaribu chochote. Kesho ningetia sahihi, Brigedia angekata utepe, na watu mia sita wangekula ugali wa maji ya vyura. Ningekuwa mezani nami, nakula, naongoza kuusifia.

Mzee Ndaki alitazama paipu. Maduhu alinitazama mimi. Nilingoja aseme. Ana haki zote za kusema, shitaka lake liko juu ya meza ya Kapteni, na dawa yake nimeishika mkononi. Akatoa kitambaa, akakifuta kile kibao ambacho hakikuwa na vumbi, akauliza tuendelee na ya ngapi.

Tukaendelea. Zote sitini na nne. Nyingine hazina kosa. Messi tumekata na kuunga upya kwenye paipu yake halali, Ndaki mwenyewe ameshika spana, na saa kumi na moja mpishi akatangaza maji meupe na jikoni wakapiga makofi. Tulikuwa tunatoka handakini tarumbeta ya kushusha bendera ikalia. Kila mtu alisimama alipokuwa. Mimi nilisimama mguu mmoja kwenye ngazi, mchoro umekunjwa kwapani, sanduku tupu la vibao mikononi mwa Maduhu mbele yangu. Dakika nzima nikimwangalia kisogo.

Nilichota glasi moja ya yale ya njano kabla hatujakata. Iko hapa mezani ninapoandika, kando ya mchoro. Mchoro ni mzuri. Sijawahi kuchora mzuri hivi.

Ijumaa, 23 Agosti

Saa mbili na dakika kumi. Benchi nje ya ofisi ya Brigedia. Naandika kwenye goti.

Nimelala vizuri, ajabu. Nimeamka na kujua la kufanya. Mama nilimpigia saa kumi na mbili nikamweleza. Akasema wabeja, ng'wanawane – asante, mwanangu – kama nimempelekea zawadi. Akaniambia nivae viatu safi.

Kapteni Ghati nilimkuta kwenye korido, nikasema naomba kuingia wakati shitaka linasomwa. Akauliza, kama nani? Nikasema kama mwenye kosa. Nikamweleza mchoro, na kibao namba 17, bila kupunguza. Akasema Brigedia anaweza kuahirisha kusaini cheti, na kampuni inaweza kumpa mtu mwingine jengo la pili, lile linalofuata baada ya hili. Nikasema najua, Afande. Akasema basi ngoja hapo. Sikuweza kusoma uso wake. Uso ule hausomeki hata na mganga.

Jengo la pili nalitaka sana. Lina zahanati. Nimeshaota handaki lake.

Maduhu yuko ncha ya pili ya benchi. Sare imenyooshwa, ina mikunjo ya kukata nyanya. Hatujasemezana isipokuwa salamu. Mapajani nina mchoro na ile glasi. Rangi haijatua hata kidogo.

Sasa hivi ameniuliza kwa sauti ya chini kama ndiyo ya messi. Nimesema ndiyo. Akauliza, unaingia nayo? Nimesema naingia nayo, na ninasema ilikotoka.

Akafikiri. Akanyoosha mkono, akaichukua glasi, akatoa kitambaa chake. Ameifuta nje yote, kitako mpaka mdomo. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kuhakikisha. Akanirudishia. Akasema haifai kuingia kwa Brigedia ikiwa na alama za vidole.

Mlango umefunguka. Wameita jina lake.

Nimesimama mimi –